Nyumba ya Mwisho Mstarini

Tangu nirudi Dar es Salaam, kila ninayekutana naye chumba cha walimu ananiuliza swali lile lile: "Ile nyumba ilianguka?" Nimejibu kwa vipande, huyu nikimpa habari za basi, yule nikimpa habari za ukuta, mpaka sasa zinazunguka hadithi tofauti pale chuoni, na mojawapo inadai nilifukiwa na kifusi. Sikufukiwa. Nimeona niiandike safari yote mara moja, toka mwanzo, ili anayetaka kuongeza chumvi aongeze akijua mchuzi ulikuwaje.

Ilianza na simu ya mama mkubwa Damari, dada wa marehemu mama yangu. Kwao ni Mamboya, kwenye vilima, lakini aliolewa na mfanyakazi wa reli akiwa msichana na tangu hapo anaishi Kilosa mjini, upande wa Mabwerebwere, katika kota za zamani. Mumewe amekwishafariki. Mama mkubwa hapendi simu. Akipiga, husema neno lake na kukata.

"Mwanangu, si wewe unafundisha ujenzi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo. Shija anavunja nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Yake. Lakini yake na yangu ni moja."

Akakata. Likizo ya Desemba ilikuwa imeanza. Nilifunga mkoba, nikatia ndani timazi, futi kamba na viatu vya kazi, na nikatia moyoni maneno makali ya kumwambia huyo Shija.

Dar es Salaam hadi Kilosa

Juu ya treni ya umeme sina la kusimulia. Iliondoka, ikafika. Nilikaa dirishani nikiwaza nyumba za mstari, kwa sababu somo hilo nalifundisha kila mwaka na sikuwahi kulihitaji kwa jambo la nyumbani.

Kwa asiyezijua, ni nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu chini ya paa moja. Kila familia ina mlango wake, na kati ya familia na familia upo ukuta mmoja tu. Mwaka niliosoma Uingereza nilipanga chumba katika nyumba ya namna hiyo, ya zama za Malkia Viktoria, katika mji wa viwanda wa kaskazini. Mtaa mzima ulikuwa kama ukuta mmoja mrefu wa tofali nyekundu uliotobolewa milango na madirisha. Viwanda vilipofunguliwa watu walimiminika mjini kuliko vyumba vilivyokuwapo, ardhi ikapanda bei, na wajenzi wakabana: nyumba nyembamba mbele, ndefu kwenda nyuma, chumba juu ya chumba. Ukuta unaotumiwa na familia mbili ni ukuta mmoja uliookolewa. Wenye uwezo kidogo waliwekewa dirisha lililochomoza mbele na nakshi juu ya mlango. Maskini kabisa walijengewa nyumba mgongo kwa mgongo, hewa ikiingia upande mmoja tu. Katika nyumba niliyopanga, ukuta wa pamoja ulipanda hadi ukatokeza juu ya paa, ili moto ukishika kwa jirani usiruke.

Jambo ambalo wanafunzi huniuliza ni kwa nini mtindo huo ulifika Kilosa, mahali ambapo ardhi haikuwa haba. Huwajibu kwamba aliyejenga reli hakuwa anabana ardhi. Alibana tofali, alibana bati, na alitaka watu wake wawe mahali pamoja. Mnyapara akipiga filimbi ncha moja ya mstari, wote wameamka.

Nilishuka kituo kipya. Kijana wa bodaboda aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," akauchukua mkoba wangu kabla sijamkubalia.

"Nipeleke kota za reli," nikamwambia.

Aliondoka kama anayewahi mgonjwa. Tukasimama mbele ya geti jipya, nyuma yake nyumba safi zenye viyoyozi ukutani. Mlinzi akanisalimu kwa heshima akaniuliza nimekuja kwa injinia yupi.

"Namtafuta mama yangu mkubwa," nikasema. "Ana zaidi ya miaka sabini na anafuga kuku."

Mlinzi na dereva wakatazamana. Nikaeleza: kota za zamani, zenye mabati yenye kutu, karibu na reli ya zamani. Kijana akajipiga paji la uso. "Mama, si ungesema Mstarini! Kota ni hizi. Kule ni Mstarini."

Mstarini

Mstarini ni nyumba sita. Zimesimama juu ya msingi wa mawe uliochongwa vizuri sana, na juu ya mawe hayo tofali za kuchoma ambazo hazikuwekwa kwa uangalifu wa aina ile. Mimi nadhani msingi ni wa Mjerumani na kuta ni za Mwingereza aliyekuta msingi umekaa bure, lakini sina ushahidi zaidi ya macho. Kila nyumba ina baraza, vyumba viwili, na jiko nyuma. Wakazi walikwisha kuuziwa zamani, kila mmoja yake, na tangu hapo kila mmoja amepaka rangi anayoitaka. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni kanga zilizoanikwa.

Nilifika nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamkuta mama mkubwa barazani amempakata mtoto mchanga, na wengine wawili wanakula makande kwenye sahani zake. Nilipiga goti kumsalimu.

"Hawa wa nani?" nikauliza.

"Wa Shija."

"Shija huyu anayekuvunjia nyumba?"

"Ndiyo. Kaa ule."

Shija ni Msukuma, mkulima na mfugaji, wazazi wake walikuja Kilosa na ng'ombe yeye akiwa mdogo. Aliinunua nyumba ya mwisho, inayopakana na ya mama mkubwa, ili watoto wawe karibu na shule. Mtu mrefu, mpole, anayeongea akitazama chini. Jioni ile alikuja akanisalimu, "Mwangaluka, mwalimu," nami nikajibu "Nzuri," watoto wakacheka, kwa maana nilipaswa kujibu neno lile lile, na isitoshe hayo ni maamkizi ya asubuhi, alinitania.

Hakubisha wala hakujitetea. Alinichukua hadi ubavuni mwa nyumba yake. Ukuta wa mwisho ulikuwa na ufa unaoingia mkono wangu mpaka kifundo. Nilining'iniza timazi, juu ukuta ulikuwa umetoka nje kuliko chini, na si kidogo. Maji ya mvua ya miaka yote, yakishuka kutoka paa lisilo na mfereji na yakichanganyika na ya mafuriko, yalikuwa yamekula udongo wa pembeni mpaka jiwe la kona limebaki hewani.

"Wanangu walikuwa wanalala upande huu," alisema Shija. "Sasa wanalala kwa mama. Mwalimu, mimi sitaki kuvunja. Nataka kuvunja kabla haijavunjika yenyewe."

Maneno yangu makali yote yakaishia pale.

Asubuhi mkewe, Kabula, aliniletea bakuli la vipande vyembamba, vikavu, vya rangi ya kahawia. Nikamshukuru, nikavipanga kando ya jiko la mama mkubwa nikijua ni vijiti vya kuwashia moto. Nilipofika kukichukua cha kwanza nikitie mkaani, Kabula alipiga kelele. Vilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alivichemsha, tukala na karanga, na kuanzia siku hiyo akikutana nami alikuwa akiniuliza kama kuni zimetosha.

Wakati tukila nilimweleza mama mkubwa nilichokiona. Nyumba ya Shija haiponi. Itabidi ishuke. Kazi yangu ni kuhakikisha haishuki na ya kwake. Na akijenga upya, inafaa aache nafasi katikati, kwa sababu msingi mpya hukaa chini kidogo kidogo kwa miaka ya mwanzo, na ukiushikanisha na wa zamani, mmoja humpasua mwenzake.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mimi nitakuwa wa mwisho."

"Ndiyo, mama. Lakini salama."

"Sikukuuliza usalama." Akaendelea kuosha vyombo. "Ukuta huu hauendi mpaka juu. Hujaona? Umeishia darini. Nikikohoa, Kabula ananisikia. Baba yako mkubwa alipozidiwa sikupiga yowe, nguvu sikuwa nazo. Nilisema tu, 'Jamani.' Mtu wa upande wa pili akaja. Wakati huo hakuwa Shija, alikuwa mwingine. Lakini mtu alikuwapo."

Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vyombo.

Kwenda Munisagara

Shida yangu ilikuwa paa. Juu ya kuta za mbele na nyuma hulala mti mrefu unaobeba kenchi zote. Wazee waliuita mtambaapanya, maana ndiyo barabara ya panya. Katika mstari, mti huo hupita nyumba hadi nyumba. Mahali fulani lazima uwe umeungwa. Kama umeungwa juu ya ukuta kati ya Shija na mama mkubwa, kazi ni nyepesi. Kama umeungwa mbele zaidi, ukiivuta nyumba ya Shija unavuta na paa la mama. Kuangalia kwa ndani hakukuwezekana bila kubomoa dari ya mama mkubwa, na yeye dari yake aliipaka chokaa kwa Pasaka, hataki kusikia.

Shija akasema, "Kule kijiji cha Munisagara upo mstari kama huu. Umeanguka nusu. Nilichunga pale nikiwa kijana, mvua ikinyesha tulijificha na ndama."

Tukaenda kwa pikipiki yake, kufuata bonde la Mkondoa, reli ya zamani ikiwa upande mmoja na milima upande mwingine. Hatukufika mbali. Korongo moja lilikuwa limejaa maji ya mvua ya milimani, yamebeba magogo. Ng'ambo na huku watu walikuwa wamekaa wakisubiri yapungue. Tuliketi karibu na akina mama wenye matenga ya nyanya, nao wakatupa nyanya zilizopondeka tule na chumvi. Mmoja, aliyejifunga kilemba cha kijani, alinitazama mkoba.

"Dada, unakwenda kupima?"

"Naenda kupima nyumba za zamani," nikajibu bila kufikiri.

Maji yalipopungua tukavuka tumekokota pikipiki, na yule mama alitutangulia kwa njia ya mkato ya miguu. Tulipofika Munisagara watu walikuwa wanatungoja. Mzee mmoja alinishika mkono kwa adabu akanipeleka shambani kwake kunionyesha migomba, akitaka nione kila shina. Mwingine alikuwa akipigilia mlango kwenye banda ambalo bila shaka asubuhi halikuwa na mlango.

"Mwalimu," Shija akaninong'oneza, "wanadhani umekuja na fidia ya reli mpya."

Nikasimama juu ya jiwe nikasema kwa sauti kwamba mimi si mthamini, sijatumwa na mtu, nimekuja kuona ukuta ulioanguka, kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Kisha mwenye migomba akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakafuata, isipokuwa yule wa banda aliyeendelea kupigilia, pengine kwa kutoamini. Baadaye walinisaidia kufyeka vichaka kuzunguka gofu lile.

Nyumba ile ilikuwa pacha ya Mstarini: mawe yale yale, vipimo vile vile. Nyumba ya mwisho ilikuwa rundo la tofali lililoota majani. Ya pili yake ilikuwa imelala pia. Ya tatu imesimama wima, bila bati, kama iliyokatwa kwa kisu. Nilipanda juu ya kifusi nikatazama mahali ilipokatika. Mti ulikuwa umeungwa pale, juu ya ukuta kati ya ya pili na ya tatu, kwa maungio ya kulazana, ncha juu ya ncha, na msumari mnene wa reli. Fundi aliyeijenga alitumia miti mirefu, kila mmoja umefunika nyumba mbili. Ya mwisho ilipoanguka, iliishika ya pili mkono ikaondoka nayo.

Shija alikuwa chini ananitazama. "Imesemaje?"

"Imesema ukivunja yako bila kuukata ule mti, mama anakwenda na wewe."

Alivua kofia. "Basi tuukate kwanza."

"Tutegemeze kwanza," nikasema. "Kukata baadaye."

Kilosa tena

Fundi tuliyempata alikuwa Chande, mtu wa Kilosa, mwenye haraka ya ulimi na utulivu wa mikono. Tulikubaliana utaratibu. Ndani ya nyumba ya Shija, paa likiwa bado juu, tulijenga vitegemeo viwili vya tofali kuushikilia ukuta wa pamoja, na kuuongeza unene ukutane na mvua, maana ulijengwa kuwa ukuta wa ndani na sasa ulikuwa unatakiwa kuwa wa nje. Tuliupandisha hadi kwenye bati. Yaani tuliziba ule uwazi wa darini. Mama mkubwa aliposikia tofali zinafika juu alitoka akakaa barazani mgongo ukiwa kwetu, na siku ile alinipa chakula bila kusema nami.

Mvua zilituchelewesha. Saruji haikaripiwi. Tulifunika kwa maturubai, tukangoja, Shija akaenda shambani akarudi, Kabula akanifundisha kusonga ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, ambao sikuuweza. Ukuta ulipokauka tukasimamisha nguzo za mkaratusi ndani kwa mama, chini ya mti wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo sehemu ya dari ilibomolewa hata hivyo. Sitaeleza alivyosema.

Siku ya msumeno kila mtu wa Mstarini alitoka nje, isipokuwa yeye.

"Mama, toka kidogo tu," nikamwambia kupitia mlangoni. "Zile nguzo nimezipima, lakini mtu hakai chini ya paa linalokatwa."

"Nimeteleka maharage."

"Tutayainjika mengine."

"Nimeingia nyumba hii nikiwa mwali. Kama inashuka, itanikuta."

Alipaza sauti kwa hasira huku akikandamiza kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili. Sikuthubutu kumshika. Shija alisimama nyuma yangu, naye hakuthubutu. Hata kuvuka kizingiti aliomba ruhusa siku zote. Ndipo Kabula akapita katikati yetu na mtoto mgongoni, akasema hodi, akaingia, akavuta kigoda akaketi mbele ya jiko.

"Wewe unafanya nini?" mama mkubwa akauliza.

"Nasubiri maharage, mama."

"Toka na mtoto, Kabula."

"Nitatoka na wewe."

Chande alikuwa tayari juu na msumeno, akitutazama kupitia tundu la dari. Mama mkubwa aliinua sufuria kwa vitambaa viwili, ikiwa bado inachemka, akatoka nayo kichwa juu, Kabula nyuma yake.

Mti ulikuwa wa mvule, mgumu kama ulivyo mvule. Chande aliukata wa mbele, kisha wa nyuma. Ulipoachia wa pili, paa la mama lilishuka upana wa kidole, likalalama, vumbi la miaka likamwagika barazani kama unga, na likakaa juu ya nguzo. Nilipita nguzo moja moja nikigonga. Zote zilikuwa zimeshika.

Nyumba ya Shija ilishushwa tofali kwa tofali, kuanzia juu, na nyingi zilipona. Ilipofika usawa wa msingi, Mstarini ikawa nyumba tano.

Kilosa hadi Mikumi

Yoeli, mwana wa pekee wa mama mkubwa, ni mpishi wa hoteli ya madereva wa malori Mikumi. Alipiga simu kila siku ya ujenzi, na kila siku neno lake lilikuwa moja: mama aje kwake. Nyumba ya Kilosa sasa haikuwa na dari, na plasta mbichi ilikuwa inamkohoza. Mama mkubwa akakubali kwenda "kumsalimia". Mimi ningeweza kurudi kwa treni, ila nilitaka kumfikisha, na Mikumi ni barabara kuu. Mabasi ya Dar hayakosekani.

Shija na familia yake walikuwa wamefunga turubai kwenye kiwanja chao wakingoja kuanza msingi. Mama mkubwa alimpa Kabula ufunguo mbele yangu. "Mlale ndani. Chumba cha nyuma hakina vumbi."

"Asante, mama," Kabula akajibu, akiupokea kwa mikono miwili.

Basi lilituchukua vizuri mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa inatengenezwa, na kalavati halijafunikwa. Tukashuka wote. Kazi ilikuwa inaendelea, greda likienda na kurudi, na hapakuwa na la kufanya ila kukaa kwenye ukingo tukitafuna miwa. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi alimwonea huruma mama mkubwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mgonjwa wako anapelekwa hospitali gani?"

"Si mgonjwa," nikasema. "Anakwenda kwa mwanawe."

Yule mama akamtazama tena. "Mbona analia?"

Nikageuka. Kweli alikuwa analia, bila sauti, huku anaendelea kumenya muwa kwa meno. Nilimsogelea. Sikumwuliza, akasema mwenyewe: "Yoeli hataniruhusu kurudi. Ananipenda vibaya."

Mikumi

Yoeli alitupokea kwa pilau na kuku. Nyumba yake ni nzuri, na nasema hivyo kama mwalimu wa ujenzi: imesimama peke yake katikati ya kiwanja, ukuta wa uzio pande zote, vigae sakafuni, choo ndani, dari nyeupe. Alikuwa amemwandalia mama chumba chenye pazia jipya na feni. Alimwonyesha swichi moja moja, kwa fahari ya mtoto aliyefaulu, na mama mkubwa akasema, "Umejenga, mwanangu," na alimaanisha.

Siku mbili alikaa kwenye kiti nje ya mlango akitazama uzio. Malori yalisikika barabarani, lakini hakuna aliyepita. Mkwe wake alikuwa kazini mchana kutwa. Nilimwona mama mkubwa mara moja akiweka kiganja ukutani, kisha akakiondoa.

Asubuhi ya tatu, tukiwa kwenye supu na chapati, nilimpigia Shija kuuliza ukuta umepitaje na mvua ya jana. Niliweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Ukuta mzima, mwalimu. Haukuvuja."

"Na ninyi mmelalaje?"

"Tumelowa kidogo. Turubai lilishindwa na upepo."

Mama mkubwa akaninyang'anya simu. "Shija! Turubai la nini? Ufunguo si mnao?"

"Shikamoo mama. Tunao."

"Sasa?"

"Mama, hatuwezi kuingia nyumba ya mzazi mwenyewe hayupo. Kabula ameutundika ufunguo salama. Watoto hawajambo, ila mdogo anapiga chafya."

Alirudisha simu mezani akasimama. "Yoeli, basi la Kilosa linaondoka saa ngapi?"

"Mama, kaa chini unywe supu."

"Nimekuuliza basi."

"Unarudi kwenye vumbi? Kwa ajili ya watu wale? Mama, wale si ndugu zetu. Wamekuja juzi na ng'ombe zao."

"Baba yako naye alikuja juzi, kutoka Mamboya, na chepe begani. Pale Mstarini hakuna aliyezaliwa pale, ila wewe." Sauti yake haikupanda. "Watoto wanalowa nje ya mlango wangu kwa sababu wananiheshimu. Nikae hapa chini ya feni?"

Yoeli alisukuma bakuli, akaondoka bila kuaga, na tukasikia geti likijibamiza. Mama mkubwa alifunga kanga zake katika furushi.

Nilimsindikiza stendi kwa miguu. Basi la Kilosa lilikuwa linajaza. Nilimtafutia kiti cha mbele, nikamnunulia maji na mahindi ya kuchoma, naye akaniambia nisisahau kula, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabaki peke yangu. Nilimwahidi kurudi Pasaka kumrudishia dari. Aliniambia niiache wazi kidogo upande wa jirani wa kushoto, kwa kuwa wa kulia nimekwisha kuziba.

Kondakta alikuwa ameanza kugonga ubavu wa basi pale Yoeli alipotokea katikati ya malori, bado amevaa aproni ya hotelini, godoro limekunjwa kichwani na kufungwa kwa kamba ya manila. Ni lile la chumba cha pazia jipya. Nililitambua kwa maua yake. Alilipandisha juu ya basi yeye mwenyewe, akalifunga, akashuka jasho linamtoka.

Alisimama chini ya dirisha la mama yake bila kumtazama usoni.

"Wale watoto wangelala juu ya nini?" akasema. "Kitanda cha nyuma hakina godoro tangu baba yupo."

Mama mkubwa alitoa mkono dirishani akamshika kichwani, na basi likaanza kutembea, Yoeli akitembea nalo hatua chache mpaka likampita.